Mke Aliyejifunza Ujane Mapema

Kule mwisho wa Kitengela, pale lami inapochoka na pundamilia wanaanza kukutazama kama wewe ndiye umepotea, ukiuliza nyumba ya Wamaitha utaonyeshwa upesi. Halafu utaambiwa, hata kama hukuuliza, kwamba huyo ndiye mama aliyemfukuza mumewe kwa ajili ya Yesu. Wengine watasema alimfukuza na mwiko. Wengine watasema alimfungia mzigo, akamsimamisha langoni na kumwimbia wimbo wa mazishi huku mzee wa watu anatafuta kofia yake. Hiyo ya mwiko ni uongo mtupu. Hiyo ya wimbo iko na ukweli wake, na ndiyo ya kusimuliwa polepole.

Wamaitha na Gakuru walitoka Githunguri wakiwa vijana, wakati Kitengela ilikuwa nyasi na upepo, basi. Na upepo wenyewe haukuwa huu wa siku hizi wa kupeperusha karatasi. Ulikuwa upepo wa kazi. Ukianika suruali asubuhi, jioni unaipata Isinya na mtu ameshaivaa. Fisi walikuwa wanalala mlangoni na kuamka wakinung'unika kwamba mtoto wa ndani analia sana. Simba alipita nyuma ya choo akienda shughuli zake, na Gakuru alimsalimia kwa Kimaasai, kwa sababu simba wa huko hakuwa anaelewa Kikuyu. Wamaitha anaapa kwamba simba aliitikia.

Gakuru alikuwa fundi wa mawe. Nyumba yao aliijenga kwa mikono yake, jiwe juu ya jiwe, akiimba. Sauti yake ilikuwa nzito, ile ya kuimbia chini, na kanisani wakimkosa Gakuru wimbo ulipaa kama kishada kilichokatika uzi. Alikuwa mrefu, mtu wa mzaha, mwenye mikono kama sepeto, na hakuwahi kumkatalia Wamaitha kitu chochote. Hapo ndipo mambo yalipoingilia.

Mwaka mmoja mvua ilinyesha mpaka mbuzi wakawa hawaonekani ndani ya nyasi, wanatafutwa kwa sauti. Kanisa lao la mabati lilikuwa limepata pasta mpya, Khisa, kijana kutoka Bungoma, mwembamba kama fito lakini mwenye sauti ya fahali. Jumapili moja akahubiri juu ya kiangazi. Aliwaambia watazame majirani wao wafugaji, jinsi wenye akili wanavyokata nyasi sasa hivi zikiwa nyingi, wanazikausha, wanazifunga na kuziweka ghalani. Akasema roho pia ni hivyo. Mtu akingoja shida ifike ndio aanze kumtafuta Mungu, atakuwa anafyeka mawe. Tayarisheni roho zenu mkiwa na shibe. Watu wakasema amina, wakaenda nyumbani kushiba.

Wamaitha hakwenda kushiba. Wamaitha ni mtu wa kushika jambo mpaka jambo lenyewe liombe msamaha. Alifika nyumbani akaondoa sukari kwenye chai.

Akamweleza Gakuru mpango wake. Shida ikija, itachukua vitu. Basi yeye ataanza kuviacha mwenyewe, kimoja baada ya kingine, kila kimoja mwezi mzima, kwa maombi, ili siku shida ikija na gunia lake imkute ameshazoea kukosa. Gakuru alionja chai ile, akakunja uso, akasema ni sawa.

Baada ya sukari ikaenda redio, wakakaa mwezi mzima hawajui nani amekufa. Baada ya redio, viatu. Wamaitha alitembea peku kwenye changarawe mpaka nyayo zikawa ngumu kiasi kwamba miiba ilikuwa ikimwona inalala. Baada ya viatu, kitanda. Akalala chini juu ya gunia, na Gakuru akabaki kule juu peke yake, hana raha, kama chifu aliyehamwa na watu wake.

Jirani yao Asho alikuwa anayatazama haya yote kwa furaha. Asho ni mama wa Kisomali aliyetoka Garissa na kufungua kibanda cha maziwa ya ngamia kando ya barabara, na yeye na Wamaitha walikuwa marafiki wa kutukanana.

"Mama Ciku," Asho alimwambia siku ya viatu, akimwita kwa jina la bintiye aliyekuwa shule ya bweni, "hata sisi tunafunga. Lakini jua likishuka tunakula. Wewe jua lako limekwama wapi?"

"Lako linavutwa chini na hilo tumbo."

"Endelea. Utajinyima hata pumzi, tuje tukute uko tayari kabisa."

Ni Gakuru mwenyewe aliyejiletea. Walikuwa wamekaa nje jioni, Gakuru anaguguna mahindi, akasema kwa mzaha kwamba sasa vitu vimekwisha, kimebaki yeye tu. Akacheka. Wamaitha hakucheka. Alinyamaza, na ukimya wake Gakuru aliujua kama mtu anavyojua wingu la mvua ya mawe. Akaacha kutafuna.

Maana ilikuwa kweli. Sukari ni nini? Kitanda ni mbao. Kitu ambacho Wamaitha alikuwa akiogopa kuporwa, usiku na mchana, tangu alipokuwa msichana na kiuno chembamba, kilikuwa kinakaa hapo mbele yake na punje ya mahindi kwenye kidevu. Aliomba wiki nzima. Halafu akamwambia Gakuru afunge mzigo. Ataenda Kimana, mbali kule chini ya Kilimanjaro, kwa ndugu yake Gitonga anayelima vitunguu na nyanya, akae huko mwezi. Hakuna kupigiana simu. Yeye Wamaitha atabaki hapa kujifunza kuwa mjane.

Gakuru alivua kofia, akaishika magotini. "Na wewe ukifa kwanza," akauliza, "mimi nitakuwa nimejifunza nini?"

"Utakuwa umejifunza vitunguu."

"Na nitajua aje mwezi umeisha?"

"Nitatuma neno. Usirudi kabla nitume neno, utaniharibia."

Akafunga mzigo. Langoni, Wamaitha alianza ule wimbo wanaoimba jeneza likitolewa nyumbani, kwa sababu hakutaka kufanya jambo nusu. Alipofika katikati sauti ikaanza kumpotea, ikawa inapanda bila mwelekeo. Gakuru alikuwa ameshapiga hatua kadhaa barabarani. Akasimama, akageuka, akaweka mzigo chini, na kuimba sehemu yake ya chini mpaka mwisho. Wimbo ulikuwa wake, na hata hivyo hangeuacha uharibike. Halafu akabeba mzigo wake akaenda.

Mwezi ule Wamaitha alifanya vizuri, vizuri mpaka aibu. Wiki ya kwanza alipika chakula cha watu wawili na kulia juu ya kile kilichobaki. Wiki ya pili akapima unga sawasawa. Alijifunza kulala katikati ya kitanda. Alijifunza kufunga lango mwenyewe na kuzungumza na Mungu kwa sauti, bila mtu wa kumwuliza unasema na nani. Kila jioni aliomba na kusema, Bwana, unaona, ninaweza. Mwezi ukaisha. Hakutuma neno. Alikuwa anaendelea vizuri hivi kwamba alitaka kuhakikisha. Akaongeza siku, akaongeza nyingine.

Kule Kimana, Gitonga alikuja kusimulia baadaye, Gakuru alikuwa anashinda shambani na jioni anakaa kwenye ukingo wa mfereji wa maji, uso umeelekea Kitengela. Kila gari likija kuchukua nyanya alimwuliza dereva kama ametoka na neno kutoka kwa mke wake. Madereva wakamzoea. Hakulalamika. Alisema mke wake yuko na kazi na Mungu, ikimalizika atamwita. Gitonga anasema mstari wa vitunguu aliopalilia Gakuru ulitoa vitunguu vikubwa kama vichwa vya ndama, na kwamba ukivikata wewe hulii, kitunguu ndicho kinalia.

Mwisho alirudi bila kuitwa, gunia la vitunguu begani, akasimama langoni kama mgeni, akauliza kama anaweza kuingia. Wamaitha alichinja jogoo. Walicheka mpaka Asho akaja kuuliza ni nini. Jumapili akasimama kanisani akashuhudia kwamba roho yake iko tayari, Bwana akimwita Gakuru hata kesho yeye atalia lakini hataanguka. Watu wakapiga makofi. Gakuru alipiga makofi pia, ingawa yeye ndiye aliyekuwa anazikwa.

Miaka ikaenda. Ciku, binti yao, akaolewa akahamia Tuala. Kitengela ikajaa nyumba, upepo ukakosa pa kupita. Na shida ikaja, lakini haikuja na gunia.

Ilianza kwa nyundo. Gakuru aliitafuta nyundo akiwa ameishika. Halafu akapotewa na ubeti wa pili wa wimbo ambao alikuwa ameuimba tangu ubatizo, akasimama mbele ya watu kinywa wazi. Halafu akaenda dukani akarudi na mbuzi wa mtu. Hayo yote Wamaitha aliyacheka, na Gakuru aliyacheka zaidi. Daktari huko Kajiado hakucheka. Aliwaeleza kwa upole kwamba huo ni ugonjwa wa kusahau, unakula kutoka mwisho kurudi mwanzo, na hakuna dawa ya kurudisha kilicholiwa.

Asubuhi moja Wamaitha alimletea chai. Gakuru alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, amevaa, amenawa uso. Akaipokea chai kwa mikono miwili, kwa heshima, kama mtu anavyopokea chai ya nyumba ya watu.

"Asante, mama," akasema. "Na asante kwa malazi. Sasa, hebu niambie, kuna mtu ametoka Kitengela leo?"

Wamaitha akauliza wa nini.

"Nangoja neno la mke wangu. Mwezi umeisha. Sijui kama nimemkosea."

Alikuwa Kimana. Ugonjwa ulikuwa umekula miaka yote ya katikati, ukamla Ciku na harusi yake, ukazila nyumba zilizojaa Kitengela na magari na watu, ukafika kwenye kile kipande cha mwezi ambacho Wamaitha alikitengeneza kwa mikono yake, na hapo ukamwacha Gakuru ameketi kando ya mfereji.

Akamwambia, Gakuru, ni mimi. Ni mimi Wamaitha. Gakuru alimtazama vizuri, kwa muda, na usoni mwake ikaja huruma.

"Usikasirike, mama. Wamaitha ni mdogo kuliko wewe." Akafikiri tena, asimwonee. "Na yeye meno yote yako."

Wamaitha akaenda jikoni akacheka, kwa sababu lilikuwa jambo la kuchekwa, na angekuwa Gakuru mzima angelitaka lichekwe. Kisha akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa na kicheko kikageuka kilio.

Alikuwa amejiandaa. Hilo ndilo lililomuuma. Roho yake ilikuwa imefunzwa kaburi, na hapa hakukuwa na kaburi. Mjane wanakuja wanawake na leso, wanamkalia, wanampikia, wanamwambia pole. Yeye watu walimwambia ana bahati, mzee bado yuko. Na alikuwako kweli. Kofia yake ilikuwa msumarini. Kikohozi chake kilikuwa kilekile cha alfajiri. Mikono yake mikubwa ilikuwa pale juu ya magoti, na Wamaitha aliitamani kama msichana anavyotamani mikono ya mtu aliyemwona mara moja sokoni, maana haikuwa yake tena kuishika. Akiigusa, Gakuru aliiondoa polepole, bila kumuaibisha. Alikuwa mwanamume mwenye mke.

Jioni alikuwa anamsimulia Wamaitha habari za Wamaitha. Kwamba ana mwendo wa haraka. Kwamba anaimba vibaya lakini hajui. Kwamba anamwogopa Mungu mpaka Mungu mwenyewe lazima anashangaa. Wamaitha alikuwa anasikiliza mambo ambayo katika ndoa yote hakuwahi kuambiwa, na kila neno lilimwendea mwanamke mwingine.

Halafu akaanza kutoroka. Asubuhi anafunga nguo zake kwenye shuka, anaaga vizuri, anashukuru, anatoka kutafuta njia ya Kitengela. Wamaitha alifunga lango kwa kufuli. Gakuru alishika nondo za lango akasimama hapo siku nzima, akiwaomba wapita njia kwa adabu wamwambie mke wake kwamba yuko tayari kurudi, na Wamaitha akashindwa kuvumilia, akafungua.

Siku hiyo alifika barabara ya Namanga. Parmuat, jirani anayefuga kondoo upande wa bonde, alimkuta amesimama katikati ya malori na mzigo wake kichwani, anayapungia mkono kama ng'ombe wapite kando. Parmuat alimsalimia Kimaasai, "Supa," na mzee akaitikia, "Ipa," vizuri kabisa, na kwa salamu hiyo akakubali kushikwa mkono.

"Yeyo," Parmuat alimwambia Wamaitha langoni, kwa heshima ya mtu na mamake, "dereva mmoja alikuwa amefunga macho. Nilimwona. Alikuwa ameshaomba."

Basi Ciku akapiga simu. Alisema yale ambayo mtoto mwenye akili husema. Huko Tuala kuna ukuta, kuna mlinzi, kuna msichana wa kumwangalia mchana. Mama amezeeka, hawezi kukimbizana na mtu mwenye miguu mirefu vile. Atakuja Jumapili baada ya kanisa kumchukua Baba. Wamaitha alisema sawa. Kama Gakuru ataendelea kutoka, atakufa chini ya gurudumu. Na akienda Tuala, atakaa huko akingoja neno, na safari hii Wamaitha hatakuwa hata na nafasi ya kuambiwa asante kwa chai.

Ijumaa Pasta Khisa akaja kumwona. Alikuwa na mvi sasa, na kitambi kilichofanana na sauti. Wamaitha hakumpa hata kiti kwanza.

"Pasta, ulituambia tukate nyasi."

Khisa alisema anakumbuka, kidogo.

"Nilikata. Niliacha sukari, niliacha kitanda. Huyu mwenyewe nilimwacha, tena nikaongeza siku. Ghala yangu imejaa, Pasta. Na hii ng'ombe iliyokuja haili nyasi."

Pasta aliangalia upande wa Gakuru, ambaye alikuwa anapapasa ukuta wa nyumba, jiwe kwa jiwe, kama mtu anayenunua.

"Mimi nilisema nyasi ziwekwe ndani, Mama Ciku," akasema mwishowe. "Wewe ulikuwa unatoa."

Hakuendelea. Aliomba kwa ufupi, akala ndizi, akaenda. Lakini lile neno lilibaki likizunguka jikoni kama nyuki. Wamaitha alilipigia kelele, akalifukuza, likarudi. Kutoa. Kwani miezi ile yote alikuwa amefanya nini? Alikuwa amemwonyesha Mungu jinsi anavyoweza kuishi bila zawadi zake. Bwana, unaona, ninaweza. Kila jioni. Kumbe hata siku moja hakuwa amekaa tu na mtu yule, akamtazama akitafuna mahindi, akasema asante, nimeona, namtaka.

Jumamosi, akikamua ng'ombe, ndiyo siku aliyoomba ombi lake la kwanza ambalo halikuwa na majigambo ndani. Paji la uso lilikuwa limeegemea ubavu wa ng'ombe. Alisema, sikuwa tayari. Siko tayari. Namtaka. Hakujua kama hilo ni ombi linalokubalika kanisani. Ng'ombe alitulia, maziwa yakaendelea kushuka, na ndani yake, pale alipokuwa amepakausha kwa bidii miaka mingi, palikuwa na umande.

Jumapili hakwenda kanisani. Alimnywesha Gakuru chai yenye sukari, akavaa gauni lake la buluu, akatoka nje ya lango, akaenda mpaka kwa Asho.

Asho alikuwa anamimina maziwa. Alilitazama lile gauni. "Unaolewa?"

"Nakuja kutuma neno."

"Kwa nani?"

"Kwa mzee. Lilikuwa limechelewa."

Asho aliweka mkebe chini. Wamaitha akamweleza. Asho hakumkejeli hata kidogo, jambo ambalo halijawahi kutokea tena. Alisema tu kwamba aende haraka, kabla Ciku hajafika, na kwamba ahakikishe mzee amevaa kofia, maana mtu hafiki kwake baada ya mwezi akiwa kichwa wazi.

Akarudi. Gakuru alikuwa ameketi na mzigo wake tayari magotini. Wamaitha akasimama mbele yake, mikono imeshikana.

"Mzee Gakuru. Kuna neno kutoka Kitengela."

Akainua kichwa.

"Wamaitha anasema mwezi umeisha. Anasema alichelewesha, na haikuwa makosa yako. Anasema njoo nyumbani."

Uso ule, mtu akiuona hasahau. Haukucheka, haukulia. Ulifunguka tu, kama dirisha la nyumba iliyokuwa imefungwa. Gakuru akasimama. Akauliza kama mama huyu anaijua njia, naye akasema anaijua, atamsindikiza.

Wakatoka. Walizunguka nyuma ya boma la Parmuat, wakashika kijia cha kando ya ua, wakapita penye nyasi zilizokatwa, wakapumzika juu ya jiwe. Gakuru alitembea mbele na mzigo begani, kwa mwendo wa kijana. Njia nzima alikuwa anataja: hapa ni Namanga sasa, hapa tumefika Kajiado, angalia milima. Wamaitha aliitikia kila mahali. Kutoka Kimana mpaka Kitengela walifika kabla jua halijakaza, na hakuna gari hapa Kenya ambalo limewahi kufanya hivyo.

Wakafika langoni. Gakuru akasimama. Akaweka kiganja juu ya nguzo ya mawe, akakipitisha juu ya maungio, polepole, mahali mwiko wake wa ufundi ulipokuwa umepita miaka ile.

"Hii ni kazi yangu," akasema.

Akaingia. Akavua viatu mlangoni. Akatundika kofia msumarini bila kuutafuta msumari. Akakaa kwenye kiti chake, akanyoosha miguu, na akashusha pumzi ambayo Wamaitha alihisi imetoka Kimana yote. Halafu akatazama huku na huku.

"Yuko wapi?"

Wamaitha alikuwa amesimama mlangoni. Gauni lilikuwa la buluu, ndilo alilolipenda. Alikuwa ameomba, alikuwa ametuma neno, alikuwa amefanya kila kitu. Akaenda karibu, akajiinamisha kidogo ili nuru imwangukie usoni, akangoja. Gakuru alimtabasamia, kwa shukrani, kama mtu anavyomtabasamia aliyemwonyesha njia.

"Leo ni siku gani, mama?"

"Jumapili."

"Aa. Basi ameenda kanisani." Akaegemea kiti. "Nitamngoja. Hapa ni kwangu, siendi popote."

Wamaitha alikaa na hilo kidogo. Lilikuwa na uchungu wake na lilikuwa na utamu wake, na hakuweza kuvitenganisha, kwa hivyo akaenda kuwasha moto.

Ciku alifika adhuhuri na gari, na mto wa kumwekea Baba mgongoni. Alimkuta baba yake amekaa peku, hana mzigo. Alipomwambia waende, Gakuru alimweleza kwa upole, kama mtu anayemweleza mgeni, kwamba ametoka safari ndefu na hawezi kutoka tena, mke wake atamkosa akirudi. Ciku akamgeukia mamake. Wamaitha alikuwa anakoroga sufuria, hakugeuka. Ciku alisimama mlangoni, ufunguo unalia kidoleni. Akaangalia lango, ambalo lilikuwa wazi, na mzee ambaye hakulitazama hata mara moja. Kisha akaenda kutoa mto kwenye gari, akauweka nyuma ya mgongo wa babake pale pale, akauliza kama kuna sahani ya tatu.

Chakula kilipowekwa, Gakuru aliomba awe yeye wa kuombea. Ni nyumba yake, alisema. Akafumba macho. Sauti ilikuwa imechoka lakini ilikuwa ileile ya chini.

"Baba, tunakushukuru kwa safari. Mbariki mama huyu amenileta. Na umtunze Wamaitha huko njiani. Anajifanya yuko na nguvu, lakini wewe unajua hana. Umpe moyo wa kuja, maana mimi nimemkumbuka sana. Amina."

"Amina," akasema Ciku, na akainama chini ya meza kutafuta kijiko ambacho hakikuwa kimeanguka.

Wamaitha alikuwa bado amefumba macho. Alikuwa amesikia jina lake likipelekwa mbele za Mungu na mtu asiyejua yuko mezani naye, na roho yake, ile aliyoipiga njaa kwa miaka, ilikuwa inakula.

"Amina," akasema.

Baada ya kula Ciku aliosha vyombo, akaaga, akaondoka na gari tupu. Gakuru alikuwa amegeuza kiti chake kielekee langoni. Alimwona Wamaitha amesimama na kitambaa mkononi, hajui aende wapi ndani ya nyumba yake.

"Kaa hapa nawe, mama, kama hauna haraka," akamwambia. "Akija nitawajulisha. Mtapendana."

Wamaitha akavuta kiti, akakiweka karibu na chake, karibu kuliko inavyofaa kwa mgeni. Gakuru hakusogea. Wakakaa hivyo, upepo unapita, wote wawili wakiangalia njia ya kanisani, wakimngoja.